UZI MAALUMU: Clone High, katuni ya watu wazima iliyokatwa na vipande 13 tu na mpaka leo tunaidai

KijanaWaKikwajuni (mleta mada)

Assalaam alaykum wakuu. Leo naomba tuweke mpira pembeni. Kuna katuni inaitwa Clone High na najua humu ndani tupo tunaoijua, kwa sababu kila nikiitaja kwenye nyuzi za watu lazima achomoze mmoja aniulize na wewe umeiona wapi hiyo. Basi nimeona bora tuwe na uzi wetu tusisumbue watu.

Angalizo kwanza kwa wenye watoto. Hapa kwetu ukisema katuni tu mtu anamkalisha mtoto mbele ya tivii kisha anaingia zake jikoni. Hii sio hivyo. Mna pombe, mna mapenzi, mna maneno ya ajabu, itazameni wakubwa wenyewe mlango mkishaufunga.

Kwa wasioijua nieleze haraka haraka. Waliotunga ni Phil Lord, Christopher Miller na Bill Lawrence. Hao wawili wa mwanzo ndo haohao waliokuja kufanya The Lego Movie 2014 na wakawa maprodyuza wa ile Spider-Man: Into the Spider-Verse iliyochukua Oscar 2019, sasa kabla ya heshima zote hizo walikuwa wanafanya upuuzi huu. Ilianza kuoneshwa Kanada kwenye Teletoon Novemba 2002, halafu MTV ya Marekani Januari 2003. Kisa ni kwamba watu wa siri wa serikali wamefukua watu mashuhuri wa kale, wakatengeneza nakala zao, nakala zikalelewa na wazazi wa kulea na sasa zote ni vijana wanasoma skuli moja. Abe Lincoln (wa kweli alikuwa rais wa Marekani) mrefu, mpole, hajui kuamua kitu. Joan of Arc, yule binti shujaa wa Kifaransa, anampenda Abe mpaka anakonda na Abe haoni. Abe anamtaka Cleopatra. Cleopatra anajitaka mwenyewe. JFK, yaani nakala ya Rais Kennedy, anamtaka kila apitaye mbele yake. Gandhi ndo rafiki kipenzi wa Abe, mtu wa pati na kelele, huyo tutamrudia maana ndo alioleta balaa. Mwalimu mkuu ni Scudworth, mwehu, mpango wake wa siri ni kuwachukua hao wanafunzi awafanyie bustani ya burudani watu walipe kiingilio, na naibu wake ni roboti anaitwa Mr. Butlertron, kavaa kisweta, na yeye humuita kila mtu Wesley. Kila mtu. Hakuna anayeuliza kwa nini.

Sasa hoja yangu. Watu wengi wakiielezea wanasema ni katuni ya kuwacheka watu wa historia. Mie nasema hapana, historia ni vazi tu, kinachochekwa pale ni TAMTHILIA. Kabla yake Marekani walikuwa wamejaa tamthilia za vijana wa skuli, akina Beverly Hills, 90210 na Dawson's Creek, zile ambazo kijana wa miaka 16 anazungumza mambo ya moyo kwa ufasaha ambao babu yangu hakuwahi kuufikia, na kila wiki lazima kuwe na somo, wiki hii ulevi wiki ijayo dawa za kulevya wiki nyengine mtu afe. Clone High imechukua ule uzito wote, haijaupunguza hata kidogo, ikauweka juu ya vitu vya kipuuzi. Kila kipande kinafunguliwa kwa sauti nzito ikitangaza kuwa hichi cha leo ni maalumu sana. Vyote 13 ni maalumu sana!

Chukua kile cha zabibu. Uvumi umeenea skuli kwamba ukivuta zabibu kavu unalewa. Zabibu hizi hizi za kwenye pilau. Basi skuli nzima inavuta zabibu, wazazi wamekaa vikao, watu wanalia, na kipande kizima ni cha kuimba mwanzo mpaka mwisho, mmoja wa waimbaji ni Jack Black. Na hakuna hata mmoja anayekukonyeza kukwambia tunatania. Wamekaza uso mpaka mwisho.

Na ndo maana naona sisi tuliolelewa na tamthilia za Kimeksiko na Kifilipino zilizotiwa sauti za Kizungu, midomo inakwenda huku maneno yanakuja kule, tunaifahamu hii katuni kuliko hata wenyewe Wamarekani walioipa mgongo. Karibuni mtiririke.

Bint_Wete

Nipo hapa, nimekaa kitako kabisa 😂

Mleta mada umesema kweli kuhusu tamthilia. Kwetu Wete wakati wa tamthilia mitaa ilikuwa inanyamaza, aliyekuwa na tivii nyumba yake inajaa wanawake na watoto mpaka kwenye kizingiti, na ole wako ukohoe. Mama yangu hajui Kizungu hata neno lakini alikuwa anajua nani kamsaliti nani kwa kumtazama jicho tu. Sasa mie nilipoiona Clone High (nilioneshwa na dada mmoja nilokuwa nae dakhalia, alikuwa nayo kwenye flashi) kilichonimaliza ni kile kipande cha taka. Litter Kills. Mleta mada umekipita naomba nikieleze mie.

Kunatokea mwanafunzi anaitwa Ponce de León. Hatujawahi kumuona hata mara moja, lakini ghafla tunaambiwa ndo rafiki wa damu wa JFK, wamekua pamoja, wanapendana kupita ndugu. Kijana mtanashati, kila mtu anamhusudu. Tabia yake moja tu mbaya, anatupa taka ovyo. Basi hazichukui dakika nyingi, anakufa, na anauliwa na taka. Kisha skuli nzima inaingia msibani na JFK ambaye siku zote ni mtu wa mizaha analia kilio ambacho mie nilijikuta nnakaribia kulia nae, halafu nikakumbuka, huyu mtu nimemjua leo!

Si ndo tamthilia zote hizo? Mtu analetwa kipande hichi hichi ili afe kipande hichi hichi, na sisi tunalia. Na aliyemtilia sauti ni Luke Perry, yule yule wa Beverly Hills, 90210, kwa hiyo wamemchukua mwenyewe mwenye mali wakaja kumuulia mbele ya macho yetu. Na Ponce wa kweli ndo yule Mhispania anaehadithiwa kuwa alitafuta chemchem ya ujana asizeeke. Nakala yake haikufika hata kumaliza skuli.

Chuma_cha_Mkoani

Wakuu nisameheni lakini nyie mnajipamba. Mie nimeitazama, nimeona vichekesho vingi huwezi kuvielewa kama huijui historia ya Marekani, na wengi wetu tumesoma ya Mkwawa na Kinjekitile. Mfano ile hoteli wanayokaa vijana jioni inaitwa Grassy Knoll. Mie nilipita nayo hivi hivi, mpaka jamaa akanambia kile ni kilima cha nyasi pale Dallas alipopigwa risasi Kennedy 1963. Sasa hilo Mpemba wa kawaida atalijulia wapi? Tusidanganyane kwamba sisi tunaielewa kuliko wao.

KijanaWaKikwajuni

Mkuu Chuma asante, tena umeniongezea hoja. Hebu fikiri tena hilo la Grassy Knoll. JFK anaingia pale kila siku, anaagiza chakula, anacheka na wasichana, anakaa chini ya jina la pahala alipouliwa yule ambaye yeye ni nakala yake, na hashtuki. Hakuna anayesema chochote. Katuni nyengine ingeweka mtu mmoja agonge kiwiko mwenziwe mtazamaji aone, hawa wameandika kwenye kibao cha mlango wakaondoka zao. Ukijua unacheka. Usipojua bado una kijana mmoja mjinga anayejiona, na huyo yupo kila mtaa, wa Dallas na wa Mkoani.

Halafu mbona wewe mwenyewe umelikumbuka jina la hoteli mpaka leo? 😂 Mtu asiyeipenda katuni hakumbuki jina la hoteli.

Chuma_cha_Mkoani

Hahahaa haya. Sikusema siipendi lakini.

MchoraHina

Mie naingilia upande wa uchoraji maana ndo kazi yangu, nachora matangazo na mabango. Watu wengi wanasema imechorwa vibaya, hata mume wangu alisema hii mtoto wa darasa la sita anaweza. Sio kweli. Tazama vizuri maumbo: Abe ni mstari mmoja mrefu, Scudworth pembe pembe kila pahala, Joan na nywele zake zimekatwa kama kwa rula. Ukizima rangi ukabakisha vivuli vyeusi tupu bado unamjua nani ni nani, na hilo sio jambo dogo, ukimtembelea mchoraji yeyote akwambie.

Na mwendo wao. Kwenye katuni za gharama mtu akinyanyua mkono unauona mkono unapita pote, chini mpaka juu. Hawa hapana. Mkono uko chini, paa! uko juu. Sura imetulia, paa! imehamaki. Wakautumia ule uhaba wa pesa kuwa ndo kichekesho chenyewe. Mtu yuko kwenye huzuni kubwa, anaganda, anaganda, anaganda, halafu anageuka mara moja shingo tu. Mie nikimaliza kazi za watu usiku huwa naweka kipande kimoja nazima sauti natazama michoro tu.

Maalim wa Barza

Nimeusoma uzi wote, na mie ni mtu mzima kidogo humu, mniwie radhi nikiandika marefu.

Mmeahidi kumrudia Gandhi na hakuna aliyemrudia. Basi nianze mie, kwa sababu ndie aliyeizika hiyo katuni. Tarehe 30 Januari 2003, siku ambayo Wahindi wanakumbuka kuuliwa kwa Mahatma mwaka 1948, watu waliandamana New Delhi na wengine wakakaa wakafunga kula kupinga katuni inayomuonesha Gandhi kijana wa ulevi na ngoma. Na siku hizo alikuwapo hukohuko India mkubwa mzima wa MTV Networks, Tom Freston. MTV wakaomba radhi. Ukichanganya na watazamaji wachache Marekani, ikawa basi, MTV hata hawakuimaliza kuionesha, vipande vyote 13 walivipata Wakanada. Watungaji wenyewe wamesema kuwa sio kwamba hawakupewa nafasi ya kuendelea, bali kuendelea nae Gandhi ndo kulikokuwa hakuwezekani.

Sasa nikupeni kitu ambacho vijana hamkijui. Gandhi wa kweli amekanyaga hapa. 1893, kijana wa miaka 23, wakili asiye na kazi ya maana, anakwenda Afrika Kusini kwenye kesi ya mfanyabiashara. Meli ikapita Lamu, ikapita Mombasa, ikaja Unguja, na hapa ilibidi angoje siku kadhaa abadilishe meli, akapanga vyumba mjini akawa anatembea tembea. Kaandika mwenyewe kwenye kitabu cha maisha yake kwamba alistaajabu ukubwa wa miti yetu na matunda yetu, akasema ni Malabar tu inayoweza kukupa picha ya ukijani wa Zanzibar. Na kuna jengine kaliandika hapohapo. Kepteni wa meli alikuwa amempenda, akamwambia twende matembezi, yeye na Muingereza mmoja, kumbe matembezi yenyewe ni ya nyumba za wanawake. Kijana akaoneshwa chumba, akasimama pale ameganda kwa haya, kisha akatoka vile vile alivyoingia. Anasema alijiona mnyonge kwanza, halafu akamshukuru Mungu.

Mie nilipokiona kile kijana cha kwenye katuni kinachojitia kidume cha pati nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza kulikoni. Kwa sababu yule wa kweli alipokuwa na umri wa karibu na huyo, alipelekwa kwenye starehe hapa hapa kwetu na akashindwa hata kusema neno.

ShanganiBoy

Maalim shikamoo. Hilo la kepteni nilikuwa silijui na nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kunihadithia, najua kwa nini 😂

Naongea kama mtoto wa Kihindi wa Mji Mkongwe. Nyumbani kwa bibi picha ya Gandhiji iko ukutani tokea sijazaliwa, imevishwa maua. Katuni hii siwezi kuiweka mbele ya bibi, na wale waliofunga kula Delhi siwezi kuwacheka. Kila watu wana mtu wao. Tukichezewa sisi wa kwetu hapa tutakaa kimya?

Lakini naomba mtu asome vizuri kile kijana. Anasema mwenyewe kwenye katuni kwamba kawa vile kwa sababu ya mzigo. Ukizaliwa nakala ya mtu kama yule, dunia nzima inangoja uwe mtakatifu, utafanya nini? Atakufuata kila pahala. Basi yeye kaamua ashindwe kwa makusudi, mapema, kwa kelele, asiulizwe tena. Mie nimeitwa jina la babu yangu aliyekuwa mtu mkubwa wa jumuiya, nimelisikia neno "mjukuu wa fulani" kabla sijajua kusoma. Kwa hiyo yule kijana namjua sana.

Na kile kipande anapogunduliwa ana ADD, ile hali ya akili kushindwa kutulia kwenye jambo moja, skuli nzima inamkimbia kama vile ataambukiza, hawataki kugusa alichogusa. Hapo wanachezea filamu zote zile za mafunzo ya UKIMWI za miaka ya tisini. Mie skuli tulioneshwa zile filamu. Ule muziki wa huzuni, yule mtu anayekaa peke yake kwenye benchi. Nikaujua hapohapo.

Bint_Wete

ShanganiBoy umenigusa. Halafu sijui kwa nini watu hawamzungumzi Joan. Joan ndo moyo wa katuni nzima. Wa kweli alisikia sauti za mbinguni akaongoza jeshi, huyu hasikilizwi hata na kijana mmoja mrefu aliyekaa nae meza moja. Anavaa nguo nyeusi, ana kejeli, anajua kila kitu, na kila siku anamsaidia Abe ampate mwanamke mwengine. Shoga zangu wote tuliosoma nao tulikuwa na Abe wetu. Tusitaje majina, wengine wameshaoa.

Na ule mwisho! Kipande cha 13, usiku wa ngoma ya kuagana. Abe ANAFAHAMU. Baada ya vipande vyote, ndo anafahamu kwamba siku zote alikuwa anampenda Joan, anamkimbilia kwenda kumwambia, anamkuta na JFK. Halafu hapohapo wote wanagandishwa, ndani ya barafu, na sura zao zilezile za mshtuko. Basi. Imeisha. Hakuna kinachofuata. Tukaachiwa hivo miaka 20.

KijanaWaKikwajuni

Miaka 20 wakuu, na sio maneno ya kutia chumvi. 2003 mpaka 2023.

Binamu yangu yuko Toronto, yeye ndo aliyekuja na ile DVD, maana ilitoka hukohuko Kanada 2005. Tuliitazama kwa laptopu yake imewekwa juu ya sanduku, umeme ukikatika tunamalizia kwa betri. Tulipofika ule mwisho nikamwambia haya weka diski nyengine. Akasema hakuna nyengine. Nikadhani ananifanyia mzaha.

Na naomba nifike kwenye la 2023 kwa sababu najua ndo litakalotugawa. Wakaifufua kwenye Max, ile huduma ya kutazama kwa mtandao, Mei 2023. Sizoni mbili za vipande kumi kumi, halafu 2024 ikakatwa tena. Vijana wametolewa kwenye barafu, wanaamkia dunia mpya, wameletwa wanafunzi wapya, Harriet Tubman, Frida Kahlo, Confucius, na Topher Bus ambaye ni nakala ya Christopher Columbus kabadilisha jina afiche. Gandhi hakurudi, kabakia kwenye barafu. Mie nimeiona yote na maoni yangu ni kwamba wamepoteza ule uso mkavu. Sasa wahusika wanajua kwamba wako kwenye katuni yenye watu wanaoipenda. Wanakukonyeza kila dakika. Abe anatumia neno la zamani, wote wanamgeukia, tunaambiwa angalia, dunia imebadilika. Sawa, imebadilika, lakini ile ya mwanzo isingetwambia, ingeweka msiba.

MchoraHina

Mleta mada hapa sikubaliani na wewe hata kidogo. Topher Bus ni miongoni mwa watu bora waliowahi kuandikwa na hao jamaa, kijana anayejifanya muungwana mbele za watu na huku nyuma anatukana watu mtandaoni kwa jina la uongo. Huyo tunae humu humu ndani ya jukwaa hili 😂. Na michoro imekuwa safi zaidi bila kupoteza pembe zake.

Tatizo lako ni kwamba ulingoja miaka mingi. Hakuna kitu kingekutosha.

Chuma_cha_Mkoani

Mie nasimama na MchoraHina, na naongeza: wadogo zangu wa nyumbani wameijua Clone High kwa hiyo mpya na kwa vile vipande vifupi vya JFK vinavyozunguka TikTok, kile anachojigamba kwamba akina Kennedy hawapatwi na baya. Wanaigiza ile sauti yake sebuleni, hawajui Kennedy ni nani, Mungu shahidi yangu. Mdogo wangu kauliza kama ni mchezaji mpira. Bila hivyo vitoto hii katuni ingekuwa imekufa na sisi wazee.

ShanganiBoy

Kwangu kasoro ya mpya ni moja tu na ni Gandhi. Nafahamu kwa nini hawakumrudisha, na ningekuwa mie nisingemrudisha vile vile. Lakini Abe bila rafiki yake ni mtu mwengine. Ile ya mwanzo kila Abe akiingia kwenye mapenzi mazito mno, Gandhi anaingia na jambo la kijinga pembeni, na mawili hayo yanakwenda pamoja. Ukiondoa mmoja inabakia mizani ya upande mmoja.

Maalim wa Barza

Vijana, mimi nataka niwaulize. Lau wangefukua wa kwetu, skuli ya Zanzibar, mngewaweka nani? Na msilete Freddie Mercury, huyo kila mtu atamtaja.

Bint_Wete

Maalim umechokoza nyuki 😂😂

Sayyida Salme moja kwa moja. Huyo maisha yake ni tamthilia hata bila kuguswa. Mtoto wa Seyyid Said, kazaliwa Mtoni, kajifunza kuandika kwa siri peke yake kwa kunakili Qur'ani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Kwa kuwa anajua kuandika, Barghash alipotaka kumpindua kaka yake Majid akamfanya yeye karani wa njama zote, na bado kigori. Kisha akampenda jirani Mjarumani, nyumba zinatazamana, na 1866 akaondoka nchini. Sasa mfikirie yuko Form Two. Mwalimu akimnyang'anya daftari anaandika kwenye mfupa. Kila ugomvi wa darasani barua zake zimo ndani.

ShanganiBoy

Siti binti Saad awe Joan wetu. Katoka Fumba, kaja mjini na vyungu vya kuuza, wenye nyumba zao wanamdharau, na mwisho ndo anayepelekwa Bombay 1928 kurikodi. Kwenye katuni awe binti anayekaa nyuma hasemi kitu, akifungua mdomo kuimba habari za watu skuli nzima inaficha uso.

Chuma_cha_Mkoani

Na Pemba tumesahauliwa kama kawaida. Mkame Ndume wa Pujini awe kiranja mkuu. Yule inasemwa aliwatesa watu wakijenga ile ngome yake mpaka wakabeba mawe kwa kwenda kwa makalio. Mie kiranja wa hivo nshamuona, na sio kwenye katuni.

KijanaWaKikwajuni

Tippu Tip basi ndo anauza vitu darasani, kalamu, bagia, majibu ya mtihani, anamkopesha kila mtu na ana daftari la madeni. Na mwishoni anaandika kitabu cha maisha yake kwamba yeye hakufanya ubaya wowote.

MchoraHina

Jamani mnanipa kazi. Tippu Tip nimeshamchora saa hii wakati mnabishana, ndevu pembe tatu, macho mistari miwili. Naweka picha jioni nikirudi. Salme bado sijui nimfanyeje, nikimvisha yunifomu ya skuli anapoteza ufalme wake, nikimvisha barakoa na marinda ya kifalme anaonekana kaja harusini.

Bint_Wete

Mvishe yunifomu na barakoa juu yake. Na ule mfupa wa ngamia uwe ndani ya mkoba unachomoza, hakuna anayeuuliza.

MchoraHina

Hapo sawa. Na naibu mwalimu mkuu? Nataka roboti.

Maalim wa Barza

Roboti avae kanzu na koti, na yeye amuite kila mtu Sheikh Abdalla, wakiwemo wanawake.

KijanaWaKikwajuni

😂😂😂 Maalim umetisha. MchoraHina tunangoja picha. Na anayetaka vipande 13 vya mwanzo aje na flashi yake tupu, hiyo mpya siigawi, kamuombeni Chuma.